MALAI YA NCHI YETU YAMEKWENDA WAPI?

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya. Tumeichapa yote kwa kuwa mambo yake yawahusu wakulima wa kila pembe ya nchi. — Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama mliokamua alfajiri ndipo mkaja hapa, na ninyi vijana:

Nimeombwa niseme nanyi juu ya maziwa. Lakini maziwa ni jambo pana, na saa zetu ni chache, kwani ng'ombe hawangoji hotuba. Kwa hivyo nitachukua sehemu moja tu ya maziwa, ile inayopanda juu ukiyaacha yatulie usiku kucha. Watu wa pwani huiita malai, wenye viwanda huiita krimu, na wengi wetu huku bara twasema tu mafuta ya maziwa. Ni jambo dogo likitazamwa ndani ya sufuria. Likitazamwa katika nchi nzima, kwa muda wa miaka mia na zaidi, si dogo hata kidogo. Ukiyafuata malai ya Kenya tangu yalipoanza kupakiwa katika gari la moshi hata leo, utajua ni nani aliyekuwa akilipwa, ni nani aliyekuwa akifanya kazi, na kwa nini mara nyingi hao wawili hawakuwa mtu mmoja.

TUELEWANE KWANZA JUU YA HESABU

Maziwa ya ng'ombe mengi yake ni maji. Katika kilo 100 za maziwa, kilo 87 hivi ni maji matupu. Zinazobaki ni sukari ya maziwa, protini, chumvichumvi na mafuta. Ng'ombe wa Friesian hutoa maziwa mengi, na katika kila kilo 100 mafuta ni kilo 3 na nusu mpaka 4. Ng'ombe wa Jersey hutoa maziwa machache kuliko huyo, lakini mafuta yake hufika kilo 5 hivi. Na ng'ombe wetu wa asili, huyu mwenye nundu tuliyezoea kumdharau, ijapokuwa hutoa maziwa kidogo, mafuta yake mara nyingi hufika 5 kwa mia au hata kuzidi.

Sasa chukua kilo 100 za maziwa yenye mafuta 4 kwa mia. Ukitenga malai yenye mafuta 40 kwa mia, utapata kilo 10 hivi. Ukiyasuka malai hayo utapata siagi karibu kilo 5, kwa kuwa siagi nzuri ina mafuta 80 na zaidi kwa mia. Ukiichemsha siagi hiyo mpaka maji yake yote yakauke, utabaki na samli karibu kilo 4. Hesabu hiyo, ndugu zangu, iwekeni akilini. Kilo 100 zimekuwa 10, zikawa 5, zikawa 4. Na kila hatua mzigo wapungua na uzito wa thamani wazidi.

Kuna jambo la pili. Maziwa mabichi yakichachuka njiani hayana tena soko la maziwa mabichi. Malai yakichachuka kidogo bado yafanya siagi. Ndiyo sababu katika nchi nyingi zenye masafa marefu na barabara mbaya, biashara ya maziwa huanza na malai. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo.

KABLA YA RELI

Wako watu wanaosema kwamba Mwafrika alifundishwa na mgeni kutoa mafuta katika maziwa. Hayo si kweli. Kabla ya reli kufika, mama zetu walikuwa wakisuka maziwa katika kibuyu, asubuhi na asubuhi, mpaka mafuta yakaganda. Mafuta hayo yalikuwa chakula, yalikuwa dawa ya ngozi ya mtoto, yalikuwa heshima ya kumpa mgeni. Samli ilijulikana kwa wafugaji wa kaskazini na kwa wafanyi biashara wa pwani. Samli iliyopikwa vizuri hukaa miezi mingi bila ya kuharibika, hata katika jua letu hili. Kwa hivyo ujuzi ulikuwako. Ambalo halikuwako ni soko kubwa la siagi, na soko hilo lilipofunguliwa, mlango wake haukufunguliwa kwetu.

WAKATI WA MASETLA

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1903 Lord Delamere akapewa ardhi kubwa huko Njoro, akaleta ng'ombe wa ng'ambo. Wengi walikufa kwa maradhi. Lakini masetla hawakukata tamaa, kwa sababu serikali ilikuwa yao, ardhi walipewa, na reli ilipita karibu na mashamba yao. Tena walikuwa na chombo kipya. Katika mwaka 1878 Msweden mmoja, Gustaf de Laval, alikuwa ametengeneza mashine ya kutenga malai, ile tuitayo separeta. Huzungushwa mkono kwa kasi; maziwa yakazunguka ndani yake; malai, kwa kuwa ni mepesi, yakatoka kwa mrija mmoja, na maziwa yaliyoondolewa mafuta yakatoka kwa mrija wa pili. Kazi ya usiku kucha ikawa kazi ya dakika chache.

Basi setla alifanya hivi. Wachungaji na wakamuaji, ambao ni baba zetu na babu zetu, walikamua. Separeta ikazungushwa. Malai yakatiwa katika makopo makubwa, yakapelekwa stesheni, yakapakiwa katika gari la moshi, yakaenda kiwandani. Maziwa yaliyobaki wakanyweshwa ndama na nguruwe. Setla hakulipwa kwa wingi wa kopo lake. Alilipwa kwa mafuta yaliyomo, baada ya kupimwa. Neno hili lishikeni, nitalirudia.

Mwaka 1925 masetla walianzisha chama chao cha ushirika huko Naivasha, Kenya Co-operative Creameries, kinachojulikana na wote kwa jina la KCC. Mwaka 1931 viwanda vya ushirika vya Lumbwa na Nanyuki vikaungana nacho. Mwaka huo huo dunia nzima ilikuwa katika dhiki. Bei ya siagi London ilikuwa imeanguka vibaya. Serikali ya kikoloni ikafanya nini? Ikapitisha sheria ya ushuru wa siagi. Siagi iliyouzwa hapa nchini ikatozwa, na fedha zikatumiwa kumfidia aliyepeleka siagi yake ng'ambo. Yaani aliyekula siagi Nairobi alilipa zaidi ili setla asipate hasara kwa siagi iliyoliwa Uingereza. Silisemi jambo hili ili tuwakasirikie watu waliokwisha kufa. Nalisema ili mjue kwamba bei ya maziwa haishuki kutoka mbinguni kama mvua. Hupangwa na watu, katika vyumba, na wale walio ndani ya chumba ndio hupata sehemu yao kwanza.

Je, Mwafrika alikuwa wapi? Ng'ombe wake mara nyingi walikuwa chini ya karantini, hawaruhusiwi kutoka sehemu zao. Ng'ombe wa gredi hakusaidiwa kuwapata. Huko Nyanza katika miaka ya 1930 zililetwa separeta, na watu wakafanya bidii. Lakini malai yao yalifanywa samli. Hivyo nchi moja ikawa na malai ya namna mbili. Malai ya setla yaliingia KCC yakawa siagi. Malai ya Mwafrika yakapikwa samli ikauzwa kwa wenye maduka. Ng'ombe hajui rangi ya mwenyewe, lakini soko lilijua.

MALAI YAANZA KUSHUKA

Vita vya 1939 mpaka 1945 viliongeza haja ya siagi na jibini kwa ajili ya majeshi. Na baada ya vita miji ikakua. Nairobi ilitaka maziwa mazima ya kutia katika chai; Mombasa vile vile. Hapo ndipo njia yetu ilipoanza kugeuka. Kidogo kidogo makopo ya malai yakaanza kuacha nafasi kwa makopo ya maziwa, kwa maana barabara zilikuwa bora na maziwa ya mjini yalikuwa na bei nzuri kuliko malai.

Mwaka 1946 kituo cha kupandishia ng'ombe kwa sindano kilianzishwa Kabete. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ulitolewa mpango wa Swynnerton, na kwa mpango huo Mwafrika alianza kusaidiwa kufuga ng'ombe wa gredi katika shamba lake mwenyewe. Mwaka 1958 ikaundwa Halmashauri ya Maziwa ya Kenya kwa sheria, na soko la miji likawekwa mikononi mwa KCC.

Lakini tazameni mpango wa bei ulivyokuwa. Maziwa yalipangwa madaraja. Waliokuwa na mkataba wa kuleta maziwa mwaka mzima walipata bei ya juu. Waliokuwa na kiasi walichogawiwa wakapata bei ya kati. Maziwa yaliyobaki yalikwenda kufanywa siagi na unga, na bei yake ilikuwa ya chini kabisa. Mikataba hiyo walikuwa nayo nani? Walikuwa nayo wale waliotangulia, yaani masetla. Mwafrika alipofika na kopo lake, aliambiwa kwamba mlango wa maziwa ya chai umejaa, apite mlango wa siagi. Siku zile malai yalipokuwa mali, hakukaribishwa. Alipokaribishwa, malai yalikwisha kuwa daraja la mwisho.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Mashamba mengi ya masetla yaligawanywa katika mipango ya makazi, na ng'ombe wa gredi wakaingia katika mashamba madogo ya eka chache. Mwaka 1964 mpaka 1965 tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mwai Kibaki ilitazama mambo ya maziwa, ikashauri kwamba mikataba na magawio yale yaondolewe. Yakaondolewa, na mkulima mdogo akapata bei moja na mkulima mkubwa. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, wala mtu yeyote asiudharau. Kama leo sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wafugaji wadogo, mzizi wake ni huo.

Walakini katika ushindi huo kuna jambo lililoponyoka mkononi bila ya kuonekana. Mfugaji mdogo hakuwa na separeta. Alipeleka maziwa yake mazima kwenye chama cha ushirika, na chama kikayapeleka kiwandani. Kazi ya kutenga malai ikahama shambani ikaenda kiwandani. Na pamoja nayo ikahama hesabu ya mafuta. Setla alikuwa akilipwa kwa mafuta; mwananchi akalipwa kwa lita. Ilionekana ni njia rahisi, na kweli ni rahisi. Lakini anayelipwa kwa lita hajui ameuza nini. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Malai yetu hayakuibwa usiku. Yalitoka mchana kweupe, katika kopo letu wenyewe, bila ya kuandikwa.

Mwaka 1979 Rais Moi alitangaza maziwa ya bure kwa watoto wa shule, na watu wazima wengi walio hapa wakumbuka pakiti zile za Nyayo. Maziwa mazima yakazidi kutakiwa. Kisha mwaka 1984 ukaja ukame, na nchi iliyojivunia maziwa ikalazimika kutafuta maziwa ya unga nje. Mwaka 1992 bei ya maziwa iliachwa huru na viwanda vingine vikaruhusiwa kuingia sokoni. KCC ikaanza kuchelewesha malipo ya wakulima, miezi ikawa mingi, na mwisho wa miaka ya 1990 ikaanguka. Mwaka 2000 iliuzwa; mwaka 2003 serikali ikairudisha, nayo sasa yaitwa New KCC. Waliodai fedha zao siku zile wajua uchungu wake. Hapana haja niwasimulie.

KILICHOKULA NAFASI YA SIAGI

Wakati wote huo kulikuwa na mshindani mwingine aliyeingia jikoni kimya kimya. Mkate wa Kenya hupakwa Blue Band, na sufuria ya Kenya kwa miaka mingi iliingia Kimbo. Hizo si siagi wala samli. Ni mafuta ya mimea. Na mafuta ya mawese yanayotumika nchini mwetu katika vyakula vya namna hiyo mengi hutoka ng'ambo, hasa Malaysia na Indonesia. Simlaumu mama anayenunua kopo la bei nafuu ili watoto wale. Siagi ni ghali, na mfuko una mwisho wake. Lakini tuseme kweli: kila mwaka nchi hutoa fedha za kigeni kununua mafuta, na huku mafuta ya ng'ombe wetu hatujui hata kuyahesabu.

HALI ILIVYO LEO

Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotoa maziwa mengi sana katika Afrika. Hukisiwa zaidi ya lita bilioni 4 kwa mwaka. Lakini mwaka 2023 maziwa yaliyoingia viwandani hayakufika lita bilioni 1. Yaliyobaki hunywewa nyumbani, hunyweshwa ndama, au huuzwa mabichi kwa jirani, kwa mkahawa na kwa mwenye baiskeli.

Sisemi kwamba yote yangeenda kutengwa malai. Hapana. Mafuta yaliyomo katika chai ya mtoto hayakupotea. Yamejenga mwili wake. Nchi isiyonywa maziwa yake ili iuze siagi ni nchi maskini, hata kama vitabu vyake vya hesabu vinameremeta. Ninalosema ni juu ya maziwa yale tunayouza. Yakifika kiwandani, mafuta yake hupimwa kwa uangalifu mkubwa sana. Hurekebishwa yawe ya kiasi kinachotakiwa, na yanayozidi hutolewa yakawa malai ya kopo, siagi na samli. Nendeni dukani mkatazame bei ya kopo dogo la malai, kisha mtazame karatasi ya malipo yenu ya mwezi uliopita. Katika karatasi hiyo, kwa wengi wetu, hakuna hata mstari mmoja unaotaja mafuta. Kiwanda chajua. Sisi hatujui.

Wengine watasema: mbona maziwa yetu hupimwa kila asubuhi kwa laktomita? Ndiyo, hupimwa, lakini laktomita hupima uzito wa maziwa tu. Na hapa kuna siri ambayo kila mwanachama yafaa aijue. Ukiongeza maji, maziwa huwa mepesi, na laktomita huzama, mwizi akashikwa. Lakini ukiondoa malai, maziwa huwa mazito, kwa sababu yaliyotoka ni mafuta mepesi, laktomita huinuka. Sasa mtu mwerevu akiondoa malai kwanza kisha akatia maji kwa kiasi, laktomita hurudi pale pale pa maziwa mema. Ameiba mara mbili, na chombo kimemsafisha. Hawezi kushikwa ila kwa kupima mafuta yenyewe. Kipimo hicho si kipya. Stephen Babcock alikitoa huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1890, na Gerber wa Uswisi naye akatoa chake miaka ile ile. Chupa ndogo, asidi, kuzungusha, kisha kusoma. Masetla walikitumia. Haifai sisi, miaka mingi baada ya Uhuru, tubaki nyuma ya setla katika kuhesabu mali yetu.

MFANO WA WENZETU

Huenda mtu akasema kupima mafuta ya kila mkulima mwenye ng'ombe wawili hakuwezekani. Basi tutazame India. Mwaka 1946, katika mji wa Anand, wakulima wa wilaya ya Kaira waliunda umoja wao wa ushirika, ule uliokuja kujulikana kwa jina la Amul. Wengi walikuwa watu wa ng'ombe au nyati mmoja au wawili tu. Katika vijiji vyao maziwa ya kila mmoja hupimwa mafuta, naye hulipwa kwa mafuta yale. Watu hao hawakuwa matajiri kuliko sisi walipoanza. India leo ndiyo ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa. Na huko New Zealand, nchi inayouza siagi kila pembe ya dunia, mkulima hulipwa kwa kilo za mafuta na protini, wala si kwa maji.

Mwingine atasema: mimi nina Friesian, ng'ombe wa lita, mkileta malipo ya mafuta mtaniua. Tusiogope kabla ya kuhesabu. Friesian akitoa kilo 20 kwa siku zenye mafuta 3.6 kwa mia, ametoa mafuta gramu 720. Jersey wa jirani akitoa kilo 14 zenye mafuta 5 kwa mia, ametoa gramu 700. Wako karibu sawa. Lakini kwa malipo ya lita, mwenye Jersey hupata kilo 14 tu mbele ya kilo 20 za mwenzake, ijapokuwa kiwanda kimepata mafuta karibu yale yale kwa wote wawili. Mwenye Friesian hatakufa. Mwenye Jersey ndiye atakayefufuka. Na atiaye maji hatapata chochote ila mzigo mzito wa kubeba.

YATUPASAYO KUFANYA

Ndugu Mwenyekiti, haifai niwaache watu na maneno matupu. Naona mambo matano.

La kwanza, kila chama cha ushirika kiwe na kipimo cha mafuta, na kila mwanachama apimiwe walau mara moja kwa mwezi, na hesabu ibandikwe ubaoni watu wote waione. Hata kabla ya bei kubadilika, tujue tunauza nini. Mtu hawezi kudai asichokijua.

La pili, tunapokwenda kupatana bei na kiwanda, twende na hesabu hizo mkononi, vyama vingi pamoja, tukadai kwamba mafuta, protini na usafi viingie katika bei. Chama kimoja kikienda peke yake kitaambiwa maziwa ni mengi, nenda zako. Vyama vikienda kwa umoja vitasikilizwa.

La tatu, tuutazame msimu wa mvua. Masika yakija, majani yawa mengi, maziwa yafurika, bei yaanguka, na mara nyingine maziwa humwagwa. Miezi ya kiangazi yakosekana, na unga wa maziwa ukaletwa kutoka nje, mpaka mwezi wa Machi 2023 wakuu walilazimika kusimamisha uingizaji wake. Malai ni ghala la mvua. Siagi hukaa katika baridi miezi mingi. Samli hukaa katika debe bila ya baridi yoyote. Chama chenye separeta moja na chumba safi chaweza kugeuza maziwa ya mafuriko kuwa samli ya kiangazi. Lakini nasisitiza usafi: malai yachemshwe kwa kipimo, nyuzi 66 kwa dakika 30, na vyombo vioshwe kwa maji ya moto. Mali chafu haina soko wala baraka. Na maziwa yanayobaki baada ya malai kutoka yasimwagwe. Protini yake karibu yote bado imo. Yafaa kwa watu, na yafaa kwa ndama.

La nne, tunapochagua mbegu ya dume kwa sindano, tusiulize lita peke yake. Tuulize na mafuta. Ndama utakayemzalisha mwaka huu utamkamua miaka kadha wa kadha. Kosa la siku moja huwa hasara ya miaka.

La tano, na hili nawaambia akina mama hasa. Ninyi ndio mnaokamua, ndio mnaokata majani, ndio mnaobeba madebe. Lakini katika vyama vingi jina lililoandikwa daftarini ni la mume, na fedha hupita kwa jina lile. Kama twamlaumu mkoloni kwa kumlipa asiyekamua, haifai tufanye jambo lile lile ndani ya nyumba zetu. Jina la mkamuaji liingie katika daftari.

Nimesema malai yamekwenda wapi. Kwanza yalikwenda London kwa jina la setla. Kisha yalikwenda katika daraja la mwisho kwa jina la Mwafrika. Kisha yakaingia katika maziwa mazima, yakakosa jina kabisa. Leo yamo mikononi mwa wale wanaoyapima. Hakuna sheria inayotukataza kupima. Hakuna karantini, hakuna setla mlangoni, hakuna mkataba wa wazee wa zamani unaotufungia. Kilichobaki ni sisi wenyewe kununua chupa chache za kipimo, kufundisha kijana mmoja katika kila chama, na kufungua ukurasa mpya wa daftari wenye mstari mmoja zaidi.

Mstari huo, ndugu zangu, uandikwe kabla ya masika yajayo.